Nimemaliza Elden Ring, mbona Tekken inanishinda?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 33, nafundisha sekondari hapa Tanga. Nimecheza gemu tangu enzi za PS2, hasa za mpira, na nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akinifunga. Mwaka jana nilimaliza Elden Ring peke yangu, nikajiona nimefika. Kisha nikanunua Tekken 8. Huu mwezi wa tano nacheza karibu kila usiku, nabadilisha wahusika kila wiki nikitafuta atakayenifaa, na bado napigwa na mdogo wangu wa miaka 17 kama vile sijawahi kushika padi. Mtandaoni ndiyo kabisa. Natumia bando la simu. Kombo, yale mapigo ya mfululizo, nimezikariri lakini sipati nafasi ya kuzitumia. Mdogo wangu anasema mikono yangu imeshazeeka, Tekken ni ya wenye vidole vyepesi. Mume wangu anasema nihamie gemu za mikakati kama StarCraft, maana hizo ni za kutumia akili. Naomba ukweli: ni aina gani ya gemu iliyo ngumu kuliko zote kubobea? Na je, nimechelewa? Jambo jingine dogo: siku hizi kidole gumba na viwili vinavyofuata vya mkono wa kulia vinakufa ganzi usiku."

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Nianze na hicho ulichokiita jambo dogo. Ganzi ya vidole usiku ni ya kupeleka hospitali, na ni wiki hii. Nitaieleza kwa urefu huko mbele, lakini sikutaka uisome barua nzima huku padi iko mkononi. Iweke chini kwa leo.

Sasa swali lenyewe. Umeuliza gemu ipi ni ngumu kuliko zote, lakini nilipoyasoma maneno yako mara ya pili niliona swali jingine limelala chini yake: je, kuna kitu mdogo wangu anacho ambacho mimi sina na sitakipata tena? Kipo kweli, ila si vidole. Ni kitu kinachofundishika, na kwa kuwa kufundisha ndiyo kazi yako, utanielewa upesi.

Watu wengi huchanganya ugumu wa kumaliza na ugumu wa kubobea. Elden Ring, iliyotoka mwaka 2022, ni ngumu kumaliza, na kuimaliza peke yako si mzaha. Lakini adui wa Elden Ring hajifunzi. Malenia anaweza kukuua mara mia, na mara ya mia na moja atakuja na upanga uleule kwa mkupuo uleule. Ukikosea unakufa hapohapo, na ukifa unajua sababu: ulikwepa mapema mno, au ulikuwa na tamaa ya kumpiga mara moja zaidi. Unaamka, unarudi, unarekebisha.

Wewe unasahihisha madaftari. Unajua tofauti ya mwanafunzi anayerudishiwa daftari siku hiyohiyo, kalamu nyekundu ikiwa palepale alipokosea, na yule anayepewa alama moja mwisho wa mwaka bila kuonyeshwa alikosa swali lipi. Wa kwanza, mpe hesabu ngumu utakavyo, atafika. Wa pili atateswa hata na hesabu nyepesi. Kwa miaka yote niliyokaa na wachezaji, hiki ndicho kipimo ambacho hakijaniangusha: gemu huwa ngumu kubobea kadiri kosa lako linavyochelewa kukurudia, na kadiri linavyorudi likiwa limejificha. Wingi wa vitufe unasumbua wiki chache za mwanzo tu. Halafu ongeza mpinzani ambaye ni binadamu, anayekusoma na kubadilika wakati na wewe unabadilika, na hapo ndipo Elden Ring na Tekken zinapoachana njia kabisa.

Kwa kipimo hicho, gemu za magari zenye kufuata uhalisia ni ngumu lakini ni mwalimu mwema. Saa inakuambia kila mzunguko umepoteza nusu sekunde kwenye kona ipi, na mchezaji mwenye subira hupanda ngazi baada ya ngazi. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda mashindano ya GT Academy mwaka 2011 kupitia gemu ya Gran Turismo, na mwaka 2013 alipata nafasi ya tatu katika daraja lake kwenye mbio halisi za Le Mans. Sisemi ni rahisi. Nasema somo lake linasahihishwa vizuri.

Gemu za risasi zina sehemu mbili. Kulenga kunasahihishwa papo hapo, risasi imempata au haijampata. Mahali pa kusimama na wakati wa kutoka mafichoni ndiyo sehemu inayokomaa polepole, na hapo vijana wengi wa PUBG na Call of Duty ya simu hukwama miaka, wakiendelea kunoa shabaha ambayo tayari ni kali. Gemu za mpira unazijua. Ziko katikati, na usizidharau, kwa kuwa kufungwa bao dakika ya 80 mara nyingi ni matunda ya beki uliyemtoa kwenye nafasi yake sekunde kumi kabla.

Za timu kama Dota 2 au Mobile Legends zina ugumu wa namna yake. Dota 2 ina mashujaa zaidi ya 120, kila mmoja na uwezo wake, na lazima uwajue wote kwa sababu hata usipowachezea utakutana nao. Hilo linakaririka. Kinachokwamisha ni kwamba mko watano. Mkishindwa baada ya dakika 40, kosa ni la nani? Moyo wa binadamu una jibu lake tayari, nalo siku zote ni mwenzake. Nimewaona wachezaji wenye kipaji wakikaa daraja moja miaka mitatu kwa sababu kila mechi waliyopoteza ilikuwa na wa kulaumiwa. Kosa lao lilikuwa linawarudia kila usiku, likiwa limevaa jina la mtu mwingine.

Tukija kwenye mikakati ya wakati halisi, yaani StarCraft na jamaa zake, hapa nitampinga shemeji yangu kwa heshima. Kama unataka jina moja, hili ndilo jibu langu: kwa mchezaji wa peke yake, hii ndiyo aina ngumu kuliko zote kubobea. Unajenga uchumi, unatengeneza jeshi, unapeleleza adui usiyemwona kwa sababu ramani imefunikwa giza, na unapigana sehemu mbili au tatu kwa mpigo, bila zamu wala pumziko. Mchezaji wa kulipwa anafanya vitendo zaidi ya 300 kwa dakika, yaani vitano kila sekunde, kwa kibodi na kipanya. Na kosa lake linachelewa kuliko la gemu nyingine yoyote niijuayo. Ulisahau kutengeneza wafanyakazi wawili dakika ya pili. Dakika ya kumi na mbili jeshi linakuja kubwa kuliko lako. Wewe unaona umeshindwa vita, kumbe ulishindwa shambani zamani. Unarudi kufanyia mazoezi vita.

Kompyuta ilimshinda bingwa wa sataranji Garry Kasparov mwaka 1997. Ilibidi tusubiri hadi 2019 ndipo programu ya AlphaStar ya kampuni ya DeepMind ifikie daraja la juu kabisa la StarCraft II. Ugumu wa mashine si ugumu wa binadamu, lakini miaka 22 inakuonyesha ukubwa wa mzigo uliomo. Na hayo mashindano makubwa ya dunia ya StarCraft II yalitawaliwa na Wakorea mpaka mwaka 2018, ambapo Mfini Joona Sotala, maarufu kama Serral, alikuwa wa kwanza asiye Mkorea kutwaa taji la dunia la WCS. Wakorea hawakuzaliwa na mikono tofauti. Walikuwa na kumbi za kompyuta kila mtaa, na nyumba ambamo wachezaji waliishi pamoja, wakila pamoja na kukosoana kutwa nzima. Walisahihishiana madaftari.

Kwa hiyo ukihamia StarCraft utakutana na kazi ya mikono iliyo kubwa kuliko ya Tekken, na kwa mkono unaokufa ganzi huo ndio uhamisho mbaya kuliko wote. Ukitaka gemu ya akili inayohurumia mikono, tafuta ya mikakati yenye zamu kama Civilization. Hiyo unaweza kuicheza huku unakunywa chai.

Haya, sasa Tekken. Gemu za kupigana naziweka nafasi ya pili kwa ugumu wa jumla, lakini ya kwanza kwa ukali wa mlangoni. Hakuna gemu inayompiga mgeni bila maelezo kama hizi. Sababu yake ndiyo moyo wa jibu langu.

Tekken inakwenda kwa fremu 60, yaani picha 60, kila sekunde. Fremu moja ni takriban milisekunde 17. Ngumi ya haraka ya kawaida inachukua fremu 10 tangu kubonyezwa hadi kugusa, yaani milisekunde 167 hivi. Binadamu mzima, aliyelala vizuri, anayesubiri jambo moja tu litokee, anahitaji takriban milisekunde 200 hadi 250 kuona na kubonyeza. Fanya hesabu: ngumi imekugusa kabla hujaanza kuijibu. Hakuna anayeiona na kuizuia. Mdogo wako haioni, bingwa wa dunia haioni.

Wanafanyaje basi? Kila pigo lina mwanzo, mguso, na muda wa kurudisha mkono. Ukizuia pigo zito la mwenzako, yeye anabaki amenaswa kwa fremu kadhaa ilhali wewe uko huru. Akinaswa fremu 10 au zaidi, ngumi yako ya fremu 10 itampata, apende asipende. Akinaswa 15, wahusika wengi wana pigo la kumrusha juu, na hapo ndipo kombo zako zote ulizokariri zinapopata mlango. Pigo jingine likizuiwa linamwacha mpigaji karibu huru kabisa, na ukibonyeza baada yake unakatwa.

Wazee wetu wanacheza bao. Kete 64, safu nne, na anayetazama kutoka kwenye benchi anaona ghala, anaona nyumba imelala au imesafiri, na zaidi ya yote anaona zamu ni ya nani: mkono wa mtu uko juu ya ubao. Tekken nayo ina zamu, ila zamu zake hazionekani. Zimefichwa ndani ya fremu. Wewe kwa miezi mitano umekuwa ukicheza kwenye zamu ya mwenzako, na kila ukibonyeza unapigwa, kisha unapumzika kwenye zamu yako, ukidhani bado ni yake. Mdogo wako anajua zamu ni ya nani. Hicho ndicho alicho nacho. Pengine hawezi hata kukieleza kwa maneno, amekipata kwa kupigwa na wenzake kibandani, wakiwa wamekaa bega kwa bega, mtu akicheka na kumwambia, "Pale usibonyeze, pale ni pangu."

Ndiyo sababu kombo hazijakusaidia. Ni sawa na kukariri hotuba nzuri bila kujua kikao ni lini.

Kuna jambo lilitokea mwaka 2004 kwenye EVO, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, ambalo wapenzi wa gemu hizi hulirudia hadi leo. Daigo Umehara wa Japani alikuwa amebakiza uhai kidogo mno, kiasi kwamba hata kuzuia tu kungemmaliza. Justin Wong wa Marekani akamwachia pigo kuu la mhusika wake, mateke 15 mfululizo. Daigo akayapangua yote 15, moja moja, kisha akamaliza mechi. Wengi huitazama video ile na kusema, "Macho gani yale!" Lakini la kwanza kati ya yale 15 halingoji macho, ilibidi kitendo chake kianze kabla pigo halijaonekana sawasawa. Daigo alijua Justin atafanya nini kwa sababu alijua hali ile humsukuma mtu kufanya nini. Alikuwa amesoma mtu.

Saikolojia ina maelezo yake ya jambo hili. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walichapisha utafiti kuhusu wachezaji wa sataranji: waliwaonyesha ubao kwa sekunde chache, kisha wakawaomba waupange upya. Mabingwa waliweza kurudisha vipande vingi sana, wageni vichache. Kisha vipande vikapangwa ovyo, bila mantiki ya mchezo, na ubora wa mabingwa karibu wote ukayeyuka. Kumbukumbu yao haikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Walichokuwa nacho ni maumbo makubwa waliyozoea kuyaona kama kitu kimoja, kama wewe unavyosoma neno "shule" bila kupitia herufi tano. Mdogo wako anaona "msururu ule wa tatu, wa mwisho unakuja chini, chuchumaa." Wewe unaona mikono na miguu inarushwa.

Na ndio maana kubadilisha wahusika kila wiki kumekuumiza kuliko unavyodhani. Tekken 8 ilitoka Januari 2024 ikiwa na wahusika 32, na mmoja tu anaweza kuwa na mapigo zaidi ya mia. Kila ukibadilisha, maneno uliyoanza kuyatambua yanarudi kuwa herufi. Tena kadiri machaguo yanavyoongezeka kichwani ndivyo mtu anavyochelewa kuchagua. Jambo hilo limejulikana kwa wanasaikolojia tangu miaka ya 1950. Mtu mwenye mapigo sita anayoyaamini humpiga mwenye sitini anayoyakumbuka.

Umeuliza kama umechelewa. Sitakudanganya kwamba umri hauna uzito. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichapisha uchambuzi wa mechi za wachezaji 3,305 wa StarCraft II wa miaka 16 hadi 44, na wakaona kasi ya kuitikia huanza kushuka karibu na miaka 24. Vichwa vya habari viliishia hapo, na watu wengi wa rika lako wakauza padi zao. Lakini utafiti uleule ulionyesha kwamba wakubwa walifidia: walicheza kwa njia nyepesi zaidi na kutumia vizuri zaidi njia za mkato za gemu, ili wasihitaji kasi ile. Na kumbuka hesabu yetu ya ngumi ya fremu 10. Kama hata kijana haioni, upungufu wako wa milisekunde chache hauamui mechi. Bae Jae-min wa Korea, anayeitwa Knee, alizaliwa mwaka 1985. Mwaka 2019 alifika fainali ya Tekken ya EVO akiwa na miaka 34, mmoja zaidi yako.

Aliyemshinda fainali ile ni Arslan Siddique wa Pakistan, Arslan Ash, na habari yake inakuhusu zaidi. Alitoka kwenye kumbi za gemu za Lahore, mahali ambapo dunia ya Tekken haikuwa ikitazama, na katika mwaka huohuo mmoja akatwaa EVO ya Japani na ya Marekani. Alisema kwao wapo wengine wa kiwango chake. Knee akapanda ndege hadi Pakistan kwenda kucheza nao ana kwa ana, akaona mwenyewe. Huku kwetu, Sylvia Gathoni wa Kenya, QueenArrow, alijijengea jina nje ya mipaka kwa Tekken hiihii akiwa mwanafunzi wa sheria. Ukanda wetu si mahali pabaya pa kujifunzia. Sharti tu uwe na watu wa kukaa nao.

Jambo hilo linanileta kwenye bando lako. Milisekunde 100 za kuchelewa kwa mtandao ni fremu 6. Tekken 8 inatumia mfumo wa kubahatisha mpinzani atafanya nini na kurudisha picha nyuma ikikosea, na unasaidia sana, lakini mtandao wa simu una tatizo lake jingine: haucheleweshi kwa kiasi kilekile. Sasa hivi milisekunde 60, sekunde moja baadaye 180, kisha 70. Mwili unaweza kuzoea kuchelewa kusikobadilika. Kunakoyumba hauwezi kukuzoea. Na kila kinachokwenda nje kinapita kwenye nyaya chache za chini ya bahari. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika, sote tuliona nchi nzima inavyokwama. Kwa hiyo ule mtihani wa mtandaoni uliokuwa ukiufanya usiku ulikuwa unasahihishwa na mwalimu anayebadilisha majibu. Matokeo yake usiyahesabu. Ukipata nyaya ya faiba nyumbani, rudi. Kwa sasa, kibanda chenye PS na kijana anayejua ni bora mara kumi.

Nifanye nini sasa, utauliza. Baada ya daktari kukuruhusu, na si kabla, chagua mhusika mmoja na umshike miezi mitatu. Yeyote unayempenda kwa macho. Usisome orodha za nani ana nguvu. Kombo zisahau kwa mwezi wa kwanza, isipokuwa moja fupi. Jifunze mapigo mawili ya kuadhibu: lile la fremu 10 na lile la 15 linalorusha. Kisha cheza mechi tano na mdogo wako na mziache zirekodiwe. Tekken 8 inakuruhusu kufungua marudio ya mechi yako, kusimamisha palepale ulipopigwa, na kuchukua usukani kutoka hapo. Sijui gemu nyingine ya kupigana inayomsahihishia mgeni daftari kwa upole namna hii, na wachezaji wengi hawajawahi hata kuigusa sehemu hiyo. Tafuta pigo moja tu la mdogo wako linalokumaliza mara nyingi. Moja. Jaribu majibu mpaka upate linalofanya kazi, na wiki inayofuata utafute la pili.

Nusu saa kwa siku inatosha, siku tano. Ujuzi wa mikono hutulia mtu akiwa amelala, kwa hiyo saa tano za Jumamosi usiku, ukiiba usingizi, ni kumwaga maji mchangani. Najua jinsi inavyouma kulala baada ya kupoteza mechi nane mfululizo. Unataka moja ya kufutia machozi. Ile ya tisa huwa mbaya kuliko zote.

Njia nyingine ni kuiacha Tekken, nami siioni kama aibu. Ulifurahia Elden Ring kwa sababu inakuacha upigane na kosa lako bila mtu kukutazama. Wapo watu ambao raha yao iko huko, na mwalimu aliyeshinda na wanafunzi arobaini ana haki ya kutaka jioni isiyo na binadamu mwingine wa kushindana naye. Jiulize tu kama siku unazopigwa na mdogo wako bado mnacheka. Kama mnacheka, baki. Kama mmeanza kununiana, gemu haina thamani hiyo.

Sasa mkono. Mimi si daktari, lakini nimeona wachezaji wengi wenye dalili yako hasa. Kidole gumba, cha shahada na cha kati hupata hisia kupitia mshipa wa fahamu mmoja, unaopita kwenye njia nyembamba ya mfupa na ukano hapa kwenye kiwiko cha mkono, panapovaliwa saa. Njia hiyo ikivimba kidogo, mshipa unabanwa. Usiku wengi wetu hulala tumekunja kiwiko hicho, nafasi inazidi kuwa ndogo, ndiyo maana ganzi huja saa hizo. Padi, simu, chaki na kalamu nyekundu vyote vinachangia, lakini daktari atakuuliza pia kuhusu kisukari, tezi ya shingo na ujauzito, kwa kuwa hayo nayo huleta ganzi ileile. Hiyo ndiyo sababu sitaki ujitibu kwa dawa ya maumivu ya dukani: utanyamazisha mkono bila kujua ulikuwa unasema nini. Mwombe akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mara nyingi huanza na kishikizo cha kuvaa usiku ili mkono usikunjwe, na kwa wengi waliowahi mapema hicho na mapumziko hutosha. Lakini ukiona chaki inakudondoka, au ganzi haiondoki hata mchana, au nyama ya chini ya kidole gumba inapungua, usingoje tarehe ya miadi. Nenda siku hiyohiyo.

Umeandika pia kwamba unacheza karibu kila usiku. Tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ina tatizo la gemu ndani yake, na kipimo chake si saa unazocheza. Ni kushindwa kujizuia, gemu kupewa nafasi mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata inapokuharibia, kwa kawaida kwa mwaka mzima. Katika barua yako sioni hayo. Naona mtu anayetafuta kuelewa. Ila ukijikuta unacheza juu ya ganzi ileile baada ya kuambiwa upumzike, mwambie daktari hilo pia, kwa uwazi kama ulivyoniandikia mimi.

Na wakati mkono unapumzika, kuna zoezi lisilohitaji padi. Kaa pembeni ya mdogo wako akicheza na wenzake. Usitazame mapigo. Kila pigo linapozuiwa, sema kwa sauti zamu ni ya nani, "yako" au "yake," na umwache akurekebishe. Siku za mwanzo utakosea karibu zote. Huyo kijana ana daftari lako lote kichwani mwake, na hajawahi kuombwa alifungue.